Damu safi, uvimbe unakua: mayeloma inapotoka nje ya uboho

Mjomba wangu ni fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekaa nyuma ya cherehani yake karibu na Biashara Street, akishona kanzu na sare za shule, futi ya kushonea imemning'inia shingoni. Siku alipoona uvimbe ubavuni hakumpigia simu daktari kwanza. Aliupima. Upana inchi mbili na robo tatu. Akaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake la vipimo vya wateja, chini ya kifua na bega za mtu mwengine, ndipo akanipigia mimi.

Kilichotutatiza ni majibu ya damu. Wiki mbili tu kabla ya hapo alikuwa ametoka kliniki, na ile protini ya mayeloma, saratani ya damu aliyo nayo, tuliyokuwa tukiifuatilia kwa miaka minne ilikuwa chini, imetulia. Karatasi ilisema mambo ni mazuri. Ubavu ulisema mengine. Tuliporudi kliniki alivua kanzu, daktari akaubonyeza uvimbe kwa vidole viwili, taratibu.

"Mzee, unaumia nikibonyeza hapa?"

"Siumii, daktari. Kipo tu, kama embe bivu lililofichwa chini ya ngozi."

Daktari akatuambia kwamba huenda ugonjwa umetoka nje ya uboho. Kwenye benchi la kusubiri nilimkuta mama mmoja na wanawe, nao wameambiwa kwamba ya baba yao "imeenea". Walikuwa wamekwisha kuanza kuulizana ni nani atakayewaarifu jamaa wa bara. Wao, kama mimi, walilichukua neno hilo kuwa la mwisho. Lakini kwenye mayeloma neno "imeenea" lina maana zaidi ya moja, na maana hizo zatofautiana kama usiku na mchana. Kabla ya kuuliza ni dawa gani, uliza kwanza ni uvimbe wa aina gani. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Tuanzie nyumbani kwake

Wengi hapa Mombasa huiita mayeloma saratani ya mifupa. Jina hilo lina sababu yake, maana mifupa ndiyo hulia kwanza, ila linapotosha. Mayeloma ni saratani ya damu. Huanzia kwenye uboho, ule mnofu laini ulio ndani ya mfupa ambao mpenda supu anaujua vizuri. Ukienda Dar es Salaam utasikia ukiitwa uloto. Ni kitu kile kile.

Ndani ya uboho mna seli za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, protini za kupambana na vijidudu. Mayeloma hutokea seli moja ya aina hiyo inapoharibika na kuanza kuzaana bila breki. Kizazi chake chote hutoa protini moja ile ile isiyo na faida, na hiyo ndiyo tunayoipima kwenye damu na mkojo. Protini ikizidi, figo huziba. Seli zikizidi, damu nyekundu hukosa nafasi ya kutengenezwa na mgonjwa huishiwa damu. Tena seli hizo huwachochea wale wavunjaji wa mfupa waliomo mwilini mwa kila mtu, mifupa ikatoboka na kalsiamu yake ikamwagika kwenye damu. Kalsiamu kupanda, figo kudhoofu, damu kupungua, mifupa kutoboka: daktari popote duniani hutafuta hayo manne.

Wengi hugunduliwa wakiwa wamevuka miaka 60. Marekani, ambako wagonjwa huhesabiwa hata kwa rangi, watu weusi huupata ugonjwa huu karibu mara mbili ya weupe, na huupata wakiwa na umri mdogo zaidi. Kwa hiyo sipendi kusikia ukiitwa ugonjwa wa wazungu.

Kwa nini seli ihame? Uboho kwa seli ya mayeloma ni kama mtaa wa Mji wa Kale, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, jirani akipika wewe hulali njaa. Seli zinazoizunguka huilisha kemikali za kukuza na kuilinda dhidi ya dawa. Yenyewe ina protini mfano wa mikono, za kushikia majirani, na ina mlango wa kupokea mwito wa kemikali unaoiita ibaki pale pale. Imeuzoea mtaa huo kiasi kwamba seli za mgonjwa zikitolewa na kuwekwa kwenye chupa ya maabara, aghalabu hufa upesi.

Miaka ikipita, hasa baada ya dawa kuzipiga mara kadhaa, zile zilizobaki zaweza kujifunza kuishi bila majirani. Ile mikono hupotea. Mmojawapo unaopotea mara nyingi huitwa CD56. Mwito wa kemikali zinausikia kwa mbali tu. Chembe za urithi nazo zimevurugika: kipande cha kromosomu ya 17 kilichobeba p53, mlinzi wa kuzuia seli mbovu zisizaane, kimekatika, au jeni za RAS zimebadilika na sasa hutoa amri ya kukua bila kuamriwa na yeyote. Seli ya namna hiyo haimhitaji tena jirani. Inaweza kuingia kwenye mshipa wa damu, isafiri, itue kwenye ini, ngozi, tezi, figo, utando wa mapafu, titi, korodani. Hata kovu linaweza kuikaribisha. Madaktari wameandika kuhusu wagonjwa ambao uvimbe ulimea palipopasuliwa au palipokuwa pamechomekwa mrija.

Tawi na mbegu

Anayeishi pwani anaujua mwarobaini. Ukiupanda uani, siku moja utakuta tawi limepita juu ya ukuta linaning'inia njiani. Tawi liko nje, lakini shina liko uani, na ukitaka kulimaliza unajua pa kuanzia. Siku nyingine utakuta mche wa mwarobaini umeota kwenye paa la jirani, mbali kabisa, kwa sababu kunguru alibeba mbegu. Huo mche hauna habari na shina lako. Umeota penye zege na jua kali, na umestahimili.

Uvimbe wa mayeloma ulio nje ya uboho ni hivyo hivyo. Aina ya kwanza ni tawi: seli zimeula mfupa kutoka ndani, zimetoboa ukuta wake na kumea kwenye nyama iliyo karibu. Uvimbe umeshikamana na mfupa. Hupatikana zaidi kwenye mbavu, pingili za uti wa mgongo, fuvu na mfupa wa kifua. Aina ya pili ni mbegu: seli zimesafiri kwa damu na kuota mahali pasipo na mfupa kabisa. Yote mawili huitwa plazmasaitoma kwenye ripoti, na hapo ndipo familia nyingi huchanganyikiwa, kwa sababu neno ni moja na hatima ni mbili.

Tawi ni la kawaida kiasi, na wagonjwa wengi huwa nalo tangu siku ya kwanza. Si habari njema, lakini kwa dawa za leo wengi wao huendelea karibu sawa na wenzao wasio nalo. Mbegu ni adimu mwanzoni, chini ya watu 5 katika kila wagonjwa 100 wapya. Ugonjwa ukirudi baada ya matibabu idadi hupanda, na tafiti mbalimbali huiweka kati ya 6 na 20 katika 100. Hiyo ndiyo iliyo ngumu. Kwa dawa za zamani, maisha baada ya mbegu kutokea yalihesabiwa kwa miezi. Iliyo ngumu kuliko zote ni inayoingia kwenye ubongo na utando wake, ambayo humpata chini ya mgonjwa 1 katika 100.

Nasema haya kwa uwazi kwa sababu ukisoma kwenye simu utakutana na makala zinazochanganya tawi na mbegu kwenye hesabu moja. Wataalamu wenyewe walibishana kwa miaka kuhusu jina, na siku hizi wengi huliachia neno "mayeloma ya nje ya uboho" kwa ile mbegu peke yake. Kwa hiyo takwimu ya kutisha uliyoisoma usiku yaweza kuwa haimhusu mgonjwa wako. Na takwimu ya kufariji vilevile.

Kuna ndugu wawili wa kuwataja kwa haraka. Mtu aweza kuwa na plazmasaitoma moja tu, uboho wake ukiwa safi. Hiyo hutibiwa kwa mionzi, na ikiwa ipo nje ya mfupa, kwa mfano puani au kooni, mara nyingi hupona kabisa. Iliyo kwenye mfupa huhitaji macho zaidi, kwani kwa wengi hugeuka mayeloma baada ya miaka. Ndugu wa pili ni mkali: seli za plazma zikielea kwenye damu kwa wingi huitwa lukemia ya seli za plazma. Tangu mwaka 2021 wataalamu wamekubaliana kwamba hata asilimia 5 inatosha kuiita hivyo. Zamani walingoja ifike 20.

Karatasi ilivyotudanganya

Inakuwaje protini ishuke na uvimbe ukue? Jibu lina historia ndefu. Mwaka 1845 daktari mmoja wa London, Henry Bence Jones, aliletewa mkojo wa mfanyabiashara aliyekuwa na maumivu makali ya mifupa. Ukipashwa moto mkojo ule uliganda kama ute wa yai. Ukichemka, ganda linayeyuka. Ukipoa, linarudi. Ilikuwa ni protini ya mayeloma, na hasa ilikuwa ni kipande chake. Leo tunajua kwamba kingamwili huundwa kwa minyororo mizito miwili na myepesi miwili, na kwamba alichokiona Bence Jones ilikuwa ni minyororo myepesi peke yake, iliyo midogo kiasi cha kupenya kwenye figo.

Seli ya mayeloma inapozidi kuharibika huanza kusahau kazi yake ya asili. Kwanza huacha kutengeneza minyororo mizito, ikabaki kutoa myepesi. Baadaye yaweza kuacha yote miwili. Kile kipimo cha kawaida cha protini hushuka, na mgonjwa na daktari wote hufurahi, ilhali seli hazijafa, zimenyamaza tu. Zilizohama uboho zina tabia hiyo zaidi.

Mjomba alikuwa hajapimwa minyororo myepesi kwa mwaka mzima kwa sababu kipimo hicho ni ghali na cha kawaida kilionekana kizuri. Kilipofanywa, ilikuwa imepanda. Haikupanda sana, ilitosha kutuonyesha kwamba tulikuwa tukiangalia mlango wa mbele huku mwizi akitokea uani.

Picha ndizo zinazoumbua uvimbe ulionyamaza. Bora zaidi ni skani ya PET, ambayo mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo na seli zenye njaa ya kukua huila kwa pupa, zikang'aa kwenye picha. Mashine zake ziko Nairobi, kwa hiyo tulifunga safari ya SGR kutoka Miritini, mjomba akiwa na kikapu cha mahamri asiyoruhusiwa kuyala mpaka skani iishe. Mwenye kisukari aulize mapema, kwa sababu sukari ya damu ikiwa juu picha huharibika. MRI ya mwili mzima nayo hufaa. Pasipo uwezo wa safari wala wa gharama hizo, CT ya kawaida na ultrasound ya tumbo ni bora mara nyingi kuliko kubaki na karatasi ya damu peke yake; ila mkumbushe anayepiga CT kwamba huyu ana mayeloma, kwani dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani huweza kuzitaabisha figo ambazo tayari zimechoka.

Majibu yalipotoka, ubavu uling'aa kama tulivyotarajia. Na kwenye ini paling'aa sehemu mbili ambazo hakuna mtu aliyezishuku. Ule uvimbe tulioupima kwa futi ulikuwa tawi. Mbegu ilikuwa imefichama.

Baada ya picha huja baiopsi, yaani kutoa kinyama kwa sindano nene na kukipeleka maabara. Usikubali ikarukwa pale inapowezekana. Donge kwenye ini la mtu wa miaka 61 laweza kuwa saratani nyingine kabisa, na kwetu sisi uvimbe uliojitokeza kwenye tezi au uti wa mgongo waweza kuwa kifua kikuu. Maabara hutafuta alama ya CD138 inayobebwa na seli za plazma, na wakiweza hutazama kromosomu pia.

Dawa, na mpangilio wake

Kosa linaloeleweka ni kutaka uvimbe ukatwe. Kila mzee wa barazani alimuuliza mjomba: kwa nini hawakiondoi? Ukikata mche ulioota kwenye paa, mbegu nyingine bado ziko tumboni mwa kunguru. Mayeloma iliyosafiri hutibiwa kwa dawa zinazofika mwili mzima. Upasuaji huachiwa dharura, kama mfupa uliovunjika.

Tibamionzi ni jambo jingine. Plazmasaitoma huyeyuka vizuri kwa mionzi, na hutumika kupunguza maumivu, kuzuia mfupa usivunjike, au kuuongezea nguvu mpango wa dawa. Siku hizi inapatikana hapa hapa Mombasa kwenye hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, tunayozoea kuiita Makadara. Zamani ilikuwa lazima Nairobi. Na kuna hali moja isiyongoja miadi: miguu kulegea ghafla, ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, mkojo kuziba au kujitokea. Hapo uvimbe unabana uti wa mgongo. Mfikishe mgonjwa hospitali siku ile ile, ikiwa ni usiku na unatoka Likoni basi hata kwa feri ya usiku wa manane, kwa sababu uti ukibanwa muda mrefu miguu hairudi.

Majina ya dawa nayaandika kama yalivyo kwenye paketi ili uweze kuyatambua. Kwa mgonjwa mpya msingi ni mchanganyiko wa tatu au nne: bortezomib, inayozuia seli isitupe takataka zake za protini hadi ikasongwa nazo, lenalidomide au thalidomide, inayoamsha kinga na kuvuruga maisha ya seli, dexamethasone, steroidi, na penye uwezo daratumumab, kingamwili inayoishika seli ya mayeloma na kuionyesha kwa askari wa mwili. Shirika la Afya Duniani liliingiza bortezomib, lenalidomide na thalidomide kwenye orodha yake ya dawa muhimu za mayeloma mwaka 2019, na aina zisizo na jina la kampuni asili zimefanya bei ishuke, ingawa bado ni nzito kwa anayeishi kwa sindano na uzi.

Kuna funzo la zamani linalowahusu hasa wenye uvimbe wa nje. Thalidomide ilipoanza kutumika peke yake, madaktari waliona kitu cha ajabu: uboho unasafishika, uvimbe wa nje unaendelea kukua. Ndiyo sababu kwa ugonjwa wa aina hii haifai kutegemea dawa moja.

Baada ya miezi minne au sita ya mchanganyiko, mwenye nguvu za kutosha hupelekwa kwenye upandikizaji wa seli shina zake mwenyewe. Huvunwa kutoka kwenye damu yake, zikagandishwa, akapewa melphalan kwa kipimo kikubwa cha kuufagia uboho, kisha akarudishiwa. Wagonjwa wengi wa hapa husafiri India. Muhimbili kule Dar es Salaam nayo ilianza huduma hiyo mwaka 2021.

Ugonjwa ukirudi ukiwa na mbegu, na hasa ukikua kwa kasi, huja dawa kali za kemo zilizounganishwa. Mojawapo ya mipango hiyo huunganisha dexamethasone, cisplatin, doxorubicin, cyclophosphamide na etoposide, hizo nne za mwisho zikitiririka mshipani kwa siku nne mchana na usiku, mara nyingi pamoja na bortezomib na thalidomide. Ndiyo aliyopewa mjomba. Uvimbe hunywea upesi, lakini ukiachwa hivyo hurudi upesi, kwa hiyo mpango huu ni daraja la kukufikisha kwenye kitu kingine. Na hatari yake ni maambukizi: homa yoyote baada ya kemo, hata kama ni saa nane za usiku, ni safari ya hospitali. Asipewe panadol ya kuishusha mkangoja asubuhi.

Kitu kingine hicho ni kipi? Marekani na Ulaya ni tiba za kinga. Nyingine huchukua seli T za mgonjwa, yaani askari wa kinga yake, zikafunzwa maabara kuitambua alama ya BCMA iliyoko kwenye mayeloma, kisha zikarudishwa mwilini; mbili za aina hiyo ziliidhinishwa Marekani mwaka 2021 na 2022. Nyingine ni kingamwili yenye mikono miwili, mmoja unaishika seli ya saratani, mwengine unaishika seli T, zikagonganishwa. Teclistamab, iliyoidhinishwa mwaka 2022, hushika BCMA. Talquetamab, ya mwaka 2023, hushika alama nyingine iitwayo GPRC5D. Kwa wenye uvimbe wa nje kila moja ikiwa peke yake hufanya kazi, ila kwa muda mfupi kuliko kwa wengine. Ndipo watafiti wakaziunganisha hizo mbili, na mwaka 2025 wakatoa matokeo ya wagonjwa 90, wote wakiwa na ile aina ya mbegu, waliokwisha kupitia dawa nyingi. Karibu 8 katika kila 10 waliitikia. Kwa ugonjwa uliokuwa ukikatisha tamaa kiasi hiki, hiyo ni habari kubwa. Bei yake kwa maambukizi ni kubwa pia, na talquetamab huharibu ladha ya chakula, kucha na ngozi.

Kwetu dawa hizo bado ni za kusikia. Sipendi kumwambia mtu habari za dawa asiyoweza kuipata, lakini naona ni haki ya mgonjwa kujua kwamba mlango upo, aulize kuhusu majaribio ya tiba, na asikubali kuambiwa kwamba hakuna lolote duniani.

Ya hapa nyumbani

Kabla ya kugunduliwa, mjomba alikaa miezi mingi na maumivu ya mgongo. Kliniki aliyoanzia ilimdunga sindano za maumivu, na alipochoka foleni akawa anajinunulia diclofenac duka la dawa. Hakuna aliyempima damu. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofen, huziumiza figo za mwenye mayeloma, na yeye figo zake zilifika kwa mtaalamu zikiwa nusu. Mgongo unaouma zaidi ya wiki sita kwa mtu aliyevuka miaka 50, tena damu yake ikiwa chini, unastahili kipimo cha protini, figo na kalsiamu. Maumivu yana dawa nyingine, hata morfini ya kunywa, na mtu asiogope kuiomba.

Maji ni sehemu ya tiba, ya kunywa kutwa. Hapo ndipo swali la Ramadhani huja kila mwaka, na mjomba alilia alipokatazwa kufunga. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yenyewe. Mkaza mjomba wangu ndiye aliyemlainisha, akamletea birika la maji mezani mchana wa kwanza wa mfungo na kukaa naye mpaka akalimaliza.

Bortezomib humtoa mtu kinga dhidi ya mkanda wa jeshi, kwa hiyo mgonjwa hupewa aciclovir. Lenalidomide na thalidomide hugandisha damu, kwa hiyo hupewa aspirini au kitu cha nguvu zaidi. Vidonge vya chai ya kijani na vitamini C kwa wingi vimeonekana maabara kuidhoofisha bortezomib. Kama kuna dawa ya mti inayotumika nyumbani, itajwe kwa daktari bila aibu. SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hulipia matibabu ya saratani hadi kikomo fulani kwa mwaka. Ulizeni kilichobaki kabla ya duru mpya ya dawa, msije mkakatiziwa njiani.

Na ganzi. Siku moja nilimkuta mjomba ameshika sindano na uzi mbele ya dirisha, anajaribu, anakosa, anajaribu. Alikuwa akificha kwa wiki tatu kwamba ncha za vidole zimekufa ganzi, akiogopa kuondolewa dawa. Ganzi hiyo hutoka kwa bortezomib na thalidomide, na ikiachwa yaweza kubaki milele. Ikisemwa mapema, sindano huhamishwa kutoka mshipani kwenda chini ya ngozi na kuchomwa mara moja kwa wiki badala ya mbili, au kipimo hupunguzwa. Kwake ilisaidia. Kutunga uzi bado humfanyia mwanagenzi wake.

Amemaliza duru mbili za ile kemo ya siku nne na mionzi ya ubavu. Kila Ijumaa baada ya swala hukaa kwenye kiti chake, akavua futi shingoni na kumpa mkewe ncha moja aishike. Daftari lina safu yake sasa: mbili na robo tatu, mbili na robo, moja na nusu, moja na robo. Ijumaa iliyopita ilikuwa moja na robo tena. Ini halipimiki kwa futi, kwa hiyo Jumatatu tutapanda SGR.